Tusimsingizie Mwenyezi Mungu: Surua Ina Kinga



Ndugu msomaji, mtoto anapokufa kwa surua katika mitaa yetu, matanga hukaliwa siku tatu, hitima husomwa, wazee humshika baba yake mkono wakamwambia astahamili, na neno linalosemwa na wengi ni moja: siku zake zimefika. Neno hilo ni la kweli, na hapana Muislamu anayelikanusha. Lakini liko suali moja ambalo halisemwi matangani, kwa haya na kwa kuwahurumia wafiwa, nalo tunataka kuliuliza hapa mahali ambapo hapana jeneza: je, mtoto yule alichanjwa? Na ikiwa hakuchanjwa, ni nani aliyezuia?

Tunauliza kwa sababu majibu yake tumekwisha yazoea. Mmoja husema kila kitu ni kwa kadari. Wa pili husema surua ni ya kila mtoto, na heri aumwe amalize. Wa tatu hunong'ona kwamba chanjo ni haramu, au ni hila ya maadui wa Uislamu ya kukata vizazi vyetu. Hoja hizi tatu zimevishwa kanzu na kilemba, zikaingia majumbani kama kwamba zimetoka katika dini, na hali dini haizijui. Tutazijibu moja baada ya moja, na msomaji awe kadhi.

ADUI TUNAYEMZUNGUMZIA

Surua, ambayo wengine katika pwani yetu huiita ukambi au shurua, na Waarabu huiita hasba, ni maradhi ya virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa jicho. Haiji kwa jicho la hasidi wala kwa upepo mbaya, wala hapana jini anayehusika nayo. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya, au akipumua tu, vijidudu hivyo huingia katika hewa, na huweza kubaki chumbani hata muda wa saa mbili baada ya mwenyewe kuondoka. Wakikaa karibu naye watu 10 wasio na kinga, 9 kati yao huambukizwa. Na mgonjwa mmoja akiwa mahali ambapo hapana mwenye kinga huweza kuambukiza watu 12 mpaka 18. Ni maradhi machache mno duniani yanayoweza kushindana na surua kwa kuenea.

Baada ya siku kama 10 tangu kuambukizwa, mtoto hushikwa na homa kali, mafua, kikohozi na macho mekundu yenye kutoa machozi, na ndani ya mashavu hutokea vidoa vidogo vyeupe. Siku chache baadaye ndipo vipele hutoka, vikaanzia usoni na nyuma ya masikio, vikateremka shingoni, kifuani, mikononi na miguuni. Na hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto huanza kuambukiza wenziwe tangu siku 4 kabla ya vipele kuonekana, mpaka siku 4 baada ya kuonekana. Maana yake, siku ile mama anaposema, "Ni mafua tu," akambeba mwanawe kwenda naye arusini, au akampeleka chuoni akakaa na wenziwe mkeka mmoja, surua imekwisha toka nyumbani na kuingia mtaani, na hapana aliyejua.

Wala wanaokufa hawafi kwa vipele. Hufa kwa nimonia, yaani maradhi ya mapafu. Hufa kwa kuharisha mpaka maji ya mwili yakaisha. Na kiasi cha mmoja katika kila wagonjwa 1,000 huvimba ubongo. Wengine hupona surua yenyewe lakini wakabaki viziwi kwa masikio yaliyooza, au vipofu kwa macho yaliyoingia vidonda. Tena, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015 na mwingine wa mwaka 2019 umeonyesha kwamba surua huufutia mwili kumbukumbu ya kinga uliyokwisha kuichuma dhidi ya maradhi mengine. Kwa hivyo, mama anaposema, "Tangu ule ukambi, mtoto huyu hana afya," hasemi upuuzi. Mtoto amenyang'anywa silaha zake, na huenda akakaa miezi mingi, pengine miaka, kabla ya kuzipata tena.

Chanjo ya surua ilipatikana mwaka 1963. Kabla haijaenea duniani, maradhi haya yalikuwa yakiua watu kiasi cha milioni 2 na laki 6 kila mwaka, na wengi wao ni watoto. Mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba waliokufa ni 107,500. Tazama tofauti baina ya hesabu hizi mbili, kisha ujiulize: je, Mwenyezi Mungu amewapenda watoto wa leo kuliko wa jana? Hasha! Ni kwamba Yeye ameumba maradhi na akaumba sababu ya kuyakinga, na sababu hiyo ilipojulikana, walioitumia waliiona faida yake. Nao 107,500 waliokufa mwaka ule, wengi wao ni wale ambao sababu hiyo haikuwafikia, au iliwafikia mlangoni wazee wao wakaifungia.

HOJA YA KADARI

Sasa tuje kwa yule asemaye kwamba kuchanja ni kukimbia kadari. Huyu tunamwomba arejee katika habari za Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Alipokuwa Khalifa alitoka Madina kwenda Sham, na alipofika mahali panapoitwa Sargh akapewa habari kwamba nchi ile imeingia tauni, ile iliyojulikana baadaye kama tauni ya Amwas. Akataka shauri kwa Masahaba, wakakhitilafiana, na mwisho akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A.), naye ni miongoni mwa waliobashiriwa Pepo, akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Sayyidna Umar akamjibu kwamba ndiyo, anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari Yake nyingine. Na akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeshuka penye mabonde mawili, moja lina majani na jingine ni kavu, kwamba popote atakapolisha atakuwa amelisha kwa kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.) akawapa hadithi aliyoisikia kwa Mtume (S.A.W.), ya kukataza watu kuingia katika nchi yenye tauni, na kukataza walio ndani yake wasitoke kuikimbia. Sayyidna Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu, akarudi.

Je, ndugu yangu, imani yako juu ya kadari imeishinda ya Umar? Yeye hakusema, "Tuingie, kwani kilichoandikwa kitakuwa." Aliona kwamba kujikinga nako kumeandikwa.

Na Mtume wetu (S.A.W.) alipoulizwa na mtu juu ya ngamia wake, kama amfunge au amwache na amtegemee Mungu, alimwamrisha amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Huko ndiko kutawakali. Mtu aliyemwacha ngamia wazi, akapotea, hana haki ya kusema kwamba alitawakali. Amezembea tu, na uzembe wake ameubandika jina zuri.

Tena tazama, wewe mwenye kusema hivyo, jinsi unavyoishi katika mambo yako mengine. Usiku unatia komeo mlango wako. Mwizi naye si kwa kadari? Nahodha hatweki tanga mpaka chombo kimekalafatiwa nyufa zake na kupakwa sifa, na hatujamsikia nahodha hata mmoja akisema, "Kama kimeandikiwa kuzama kitazama, basi tuondoke na tundu zake." Ukiumwa na jino huwahi kwa daktari kabla ya adhuhuri. Imekuwaje basi kadari ikasimama mlangoni siku ya kumchanja mtoto tu? Huyo mtoto ambaye hawezi kujisemea, ndiye aliyechaguliwa awe uwanja wa kupimia imani yako!

"HAPANA MARADHI YA KUAMBUKIZA"

Wako wenye kusoma kidogo ambao watatuambia: iko hadithi sahihi ya Mtume (S.A.W.) inayokanusha kuambukizana. Ni kweli iko. Lakini asomaye hadithi moja akaacha wenzake ni kama asomaye nusu ya hati ya nyumba kisha akaiuza. Mtume huyo huyo (S.A.W.) amekataza mwenye ngamia wagonjwa asiwalete kwa ngamia wazima, na akaamrisha mtu ajiepushe na mwenye ukoma. Wanavyuoni wameyapatanisha maneno haya tangu zamani, wakaeleza kwamba kinachokanushwa ni ile itikadi ya watu wa Jahiliya, kwamba maradhi yana nguvu zake yenyewe bila ya idhini ya Mwenyezi Mungu. Ama kwamba mgonjwa ni sababu ya mzima kuugua, kwa amri ya Mungu, hilo ndilo lililofanya ngamia watengwe. Basi ikiwa ngamia wazima wametiliwa hifadhi, watoto wa Kiislamu hawastahiki zaidi?

"KILA MTOTO LAZIMA AUMWE"

Hoja hii ni ya majumbani zaidi kuliko misikitini, na huenda ikawa ndiyo inayoua zaidi. Mtoto wa jirani akitokwa na vipele, wako akina mama wanaowapeleka watoto wao kwa makusudi wakalale naye, ili wote "waumwe pamoja tumalize kazi." Akina mama hawa hawakusudii ubaya. Wao wenyewe waliumwa utotoni wakapona, na huona hivyo ndivyo dunia ilivyo. Lakini aliyepona ndiye anayesimulia, na aliyekufa hana ulimi. Mama wa watoto saba waliopona hukaa barazani akasema ukambi si kitu, na hapati mtu wa kumjibu, kwa sababu mwenye kujua zaidi amekaa kimya na majonzi yake.

Wala si maneno ya madaktari wa leo peke yao. Abu Bakr al-Razi, tabibu mkubwa wa Kiislamu aliyefariki karibu na mwaka 925, ndiye aliyeandika kitabu mashuhuri cha kubainisha baina ya ndui na surua, na akaeleza kwamba surua ni ya kuogopewa zaidi kuliko ndui, isipokuwa kwa madhara ya macho. Zaidi ya miaka elfu moja imepita tangu Muislamu huyu aandike hayo kwa lugha ya Qur'ani, na sisi bado tunawapeleka watoto wetu wakalale na mgonjwa!

Ikiwa unataka mwanao aumwe amalize, basi chanjo ndiyo njia yake. Ndani ya ile sindano mna virusi vya surua vilivyodhoofishwa mpaka visiweze kumtia mtoto mwenye afya katika surua yenyewe. Mwili huviona, huvijua na huweka tayari silaha zake, na siku adui wa kweli akija humkuta mlinzi macho. Mtoto huenda akapata homa ndogo siku chache baadaye, au vipele vichache, au mkono ukamuuma. Yako madhara makubwa, lakini ni nadra sana. Pima mwenyewe hayo na nimonia.

Sindano ya kwanza, Kenya na Tanzania, hutolewa mtoto akitimiza miezi 9, na ya pili akitimiza miezi 18. Si kwa bahati nasibu. Mtoto huzaliwa na kinga aliyoipata kwa mama yake, nayo hupungua kidogo kidogo katika miezi ya mwanzo. Akichanjwa mapema mno, kinga ya mama huizuia chanjo isifanye kazi vizuri. Ya miezi 9 huwapa kinga kiasi cha watoto 85 katika kila 100, na ya pili huwakamata karibu wote waliobaki. Kwa hivyo, aliyempeleka mwanawe mara moja akaona inatosha, amejenga nyumba akaacha dirisha moja bila ya kilango.

Na hapa pana haki ya jirani. Ili surua isipate njia katika mji, inatakiwa watoto 95 katika kila 100 wawe wamepata sindano zote mbili. Kwa nini wengi hivyo? Kwa sababu wako ambao hawawezi kuchanjwa: mtoto wa miezi mitano, mwenye saratani ambaye kinga yake imevunjwa na dawa, mama mwenye mimba. Hawa hawana ukuta isipokuwa sisi. Wewe unayekataa kumchanja mwanao huamui juu ya mwanao peke yake. Unaamua pia juu ya mtoto mchanga wa jirani yako, ambaye mama yake hajakupa ruhusa hiyo. Na sharia imekataza mtu kujidhuru mwenyewe na kumdhuru mwenziwe.

HARAMU, NJAMA NA UVUMI

Tuje kwenye hoja ya tatu. Wanaosema chanjo ni haramu husema ndani yake mna jelatini ya nguruwe. Kwanza, si kila chanjo ya surua ina jelatini hiyo. Pili, wanavyuoni hawakulala hata wakangojea kuamshwa na uvumi. Mwaka 1992, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikutana Jeddah, likaamua kwamba matibabu huwa ni wajibu juu ya mtu ikiwa kuyaacha kutampotezea nafsi yake au kiungo chake, au ikiwa maradhi yenyewe ni ya kuambukiza na madhara yake yatawafikia wengine. Mwaka 1995, wanavyuoni na matabibu walikutana Kuwait, wakaeleza kwamba kitu najisi kikigeuka dhati yake kikawa kitu kingine, nayo ndiyo istihala, hukumu yake hugeuka pia, na wakaitia jelatini katika hukumu hiyo. Na mwaka 2018, Baraza la Maulamaa la Indonesia, wao wakiwa na msimamo mkali zaidi juu ya jambo hili, walisema wazi kwamba chanjo ya surua na rubela iliyokuwapo kwao imetumia kitu cha nguruwe, na juu ya hivyo wakaruhusu itumiwe kwa dharura, maadamu haijapatikana iliyo halali kabisa na khatari ya kuacha kuchanja inajulikana. Basi ukichukua njia ya wepesi au ya ukali, zote mbili zimekufikisha mahali pamoja: mchanje mtoto.

Na liko jambo la ajabu zaidi. Anayetaka kwenda Hija hapati viza mpaka achanjwe chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Tunawaona wazee wetu wakipanga foleni, wakikunja mikono ya kanzu, na hapana anayeuliza ndani ya chupa mna nini. Ikiwa sindano ni halali kwa mzee wa miaka 60 aendaye Makka, imekuwaje haramu kwa mjukuu wake wa miezi 9 aliyebaki nyumbani?

Ama hila ya kukata vizazi, jibu lake liko katika hesabu. Chanjo za watoto za serikali zilianza kuenea katika nchi zetu baina ya mwaka 1975 na 1985. Kenya ilihesabiwa watu milioni 15 mwaka 1979, na mwaka 2019 ikahesabiwa zaidi ya milioni 47. Tanzania ilikuwa na milioni 17 na nusu mwaka 1978, na mwaka 2022 ikafika zaidi ya milioni 61. Waliochanjwa wakati ule ndio wazazi wa leo, na wengine ni mababu na mabibi. Ikiwa ile ilikuwa hila ya kutumaliza, basi haijapata kutokea hila iliyoshindwa namna hii!

Wengine wamesikia kwamba chanjo hii huleta usonji, yaani mtoto kuchelewa kusema na kujitenga na watu. Uvumi huo ulitokana na makala ya daktari mmoja wa Kiingereza, Andrew Wakefield, iliyotolewa mwaka 1998 juu ya watoto 12 tu. Mwaka 2010 jarida lililoitoa liliifuta, na mwenyewe akaondolewa katika daftari la madaktari. Mwaka 2019 wachunguzi wa Denmark walitoa matokeo ya watoto 657,461, na hawakuona kwamba chanjo inaongeza usonji. Lakini uvumi hukimbia na ukweli hutambaa. Ulifika mpaka kwa ndugu zetu Wasomali wa Minnesota, Marekani, wakaacha kuchanja, na mwaka 2017 watu zaidi ya 70 waliugua surua huko, wengi wao watoto wa Kisomali. Alhamdulillahi hakufa mtu, lakini hospitali zao si kama zetu.

Palipo mbali na hospitali kubwa mambo huwa mengine. Huko Samoa, nchi ya visiwa yenye watu kiasi cha laki 2, watoto wawili walikufa mwaka 2018 kwa sababu wauguzi waliichanganya chanjo na dawa isiyokuwa yake. Lilikuwa ni kosa la mikono ya watu, na walioliandaa walihukumiwa kortini. Lakini khofu ilienea, na chanjo zikashuka sana. Mwaka uliofuata surua ikaingia ikaua watu 83, wengi wao watoto wadogo. Na Zimbabwe mwaka 2022 mamia ya watoto walikufa, wengi wao wa madhehebu ya Kikristo yanayokataa chanjo kwa jina la dini. Surua haiulizi mtoto ni wa msikitini au wa kanisani.

Na anayesema chanjo ni mambo ya Wazungu ajue kwamba Waingereza walijifunza kukinga ndui kwa kuchanja kutoka Istanbul. Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wao, alimchanja mwanawe huko mwaka 1718, na mwaka 1721 akaiingiza London. Na ndui hiyo hiyo, iliyotisha dunia nzima, ilimalizikia wapi? Ilimalizikia kwa Muislamu wa pwani hii hii yetu. Mwezi wa Oktoba 1977, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia, aliugua ndui, naye akawa mtu wa mwisho duniani kuipata katika hali ya kawaida. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa sindano. Alipona, na baadaye akajitolea kuzunguka Somalia akiwahimiza wazazi wawachanje watoto wao dhidi ya polio, akiwasimulia yaliyomfika, mpaka alipofariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo. Mwenyezi Mungu amrehemu.

RUHUSA YA BABA

Sasa tuseme na akina baba, kwani mengi ya haya huamuliwa nao. Mara ngapi mama hufika mlangoni mwa kliniki akarudi, kwa sababu "babaake hajasema"? Baba yuko Muskat au Dubai, au yuko baharini, au yuko barazani akicheza bao. Na miezi 9 inakuwa 12, na 12 inakuwa 20. Ndugu yangu, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichochunga. Mchunga asiyekuwapo na asiyewakilisha ni sawa na zizi lisilo na mlango. Ikiwa unasafiri, acha neno kabla hujapanda ndege: "Chanjo za mtoto zisinisubiri." Maneno manne hayo hayapunguzi heshima yako nyumbani.

Wala usiseme huna kitu. Chanjo hii katika vituo vya serikali hutolewa bure. Tunakopa kwa ajili ya arusi, tunapamba ukumbi kwa usiku mmoja, tukaambiwa nauli ya kwenda kituoni mara mbili tunasema maisha ni magumu!

Na wenye madaraka nao wasidhani makala haya yanawasafisha. Mama aliyetembea na mtoto mgongoni akaambiwa dawa imekwisha rudi wiki ijayo, au akakemewa mbele ya watu kwa kuchelewa, hawezi kulaumiwa peke yake asiporudi. Kituo kisicho na chanjo na muuguzi asiye na ulimi mzuri, nao wana sehemu yao mbele ya Mwenyezi Mungu.

MTOTO AKISHAUGUA

Ikiwa surua imekwisha ingia nyumbani, mtengeni mgonjwa na watoto wengine mpaka zipite siku 4 tangu vipele kutoka, asiende chuoni wala skuli. Watoto wengine wa nyumba ambao hawajachanjwa wapelekwe haraka, kwani wakichanjwa ndani ya saa 72 tangu kukutana na mgonjwa huenda wakanusurika. Mgonjwa apewe maji kwa wingi, anyonyeshwe ikiwa ananyonya, na alishwe. Ile ada ya kumnyima samaki, nyama na mafuta inamwongezea udhaifu wakati anapohitaji nguvu. Msimtie machoni majani wala dawa yoyote msiyopewa na daktari. Wako waliopofuka kwa dawa hizo.

Na wala msiseme, "Akipigwa sindano ukambi utaingia ndani." Mpelekeni kituoni apewe vitamini A siku mbili mfululizo. Mwaka 1987 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa hospitali ya Mvumi, Dodoma, kwa watoto 180 wenye surua: katika 88 waliopewa vitamini A walikufa 6, na katika 92 wasiopewa walikufa 12. Jambo hili dunia imelijua, na sehemu ya ujuzi huo imetoka katika nchi yetu wenyewe. Mkimwona anapumua kwa shida, hanywi, anatapika kila kitu, amelegea hana fahamu au anapata degedege, msingojee asubuhi.

Kumsomea mtoto Qur'ani na kumwombea ni jambo jema, na hatumkatazi mtu. Lakini dua haikupata kuwa adui wa dawa. Msomee huku uko njiani.

Ndugu msomaji, leo kabla ya kulala itafute ile kadi ya kliniki ya mwanao. Tazama mahali palipoandikwa miezi 9 na miezi 18. Ikiwa pote pana tarehe, sema alhamdulillahi, kisha umwulize jirani juu ya wake. Ikiwa pana pengo, kesho ni siku ya kwenda, hata kama mtoto amekwisha pitisha umri huo, kwani kuchelewa ni bora kuliko kuacha. Na nyinyi makhatibu wetu, ipeni Ijumaa moja tu habari hii juu ya mimbari. Inaokoa watu wengi zaidi kuliko tunavyodhani. Mtoto ni amana. Na siku mwenye amana atakapoiuliza, neno "kadari" halitakuwa jibu la mtu aliyepewa kinga akaikataa.

Wabillahi tawfiq.